Kiapo Kilichomezwa na Mlinzi wa Lango: Kuirejesha Hadithi ya Isaza na Mfalme wa Kuzimu katika Kiswahili cha Afrika Mashariki

Ikisiri

Makala haya yanaeleza namna hadithi kongwe ya mizimu kutoka Bunyoro-Kitara, magharibi mwa Uganda, ilivyohifadhiwa katika maandishi na papo hapo ikasahaulika kama hadithi. Hadithi yenyewe ni ile ya Isaza, mfalme wa mwisho wa nasaba ya Abatembuzi, na Nyamiyonga, mfalme wa kuzimu aliyetaka kufunga naye undugu wa damu. Hoja kuu ni kwamba usahaulifu huu haukutokana na kukosekana kwa maandishi, bali na namna maandishi hayo yalivyopewa majina, lugha na matumizi. Makala yanajadili pia maamuzi ambayo mfasiri wa Kiswahili hana budi kuyafanya ili hadithi iwafikie wasomaji wapya bila kugeuzwa kuwa hadithi nyingine, na kuhitimisha kwa mapendekezo matatu kwa watunga sera.

1.0 Utangulizi

Mwandishi wa makala haya alikua akisikia kitendawili kimoja jikoni kwa bibi yake: ni kamba gani inayofunga maji? Jibu lake lilikuwa mbele ya macho ya kila mtoto. Maji yakichemka, bibi alimwaga unga wa ulezi, akasonga, na maji yaliyokuwa yakirukaruka yakatulia na kuwa donge. Kitendawili kilikuwa cha kuchekesha na hakuna aliyeuliza kilikotoka. Miaka mingi baadaye, katika chumba cha kusomea cha maktaba, mwandishi alikikuta kitendawili kilekile katika kitabu. Humo hakikuwa mchezo wa watoto. Kilikuwa ujumbe uliotumwa na mfalme wa wafu kwa mfalme wa walio hai, na aliyeshindwa kuuelewa vizuri alipoteza ufalme wake.

Tukio hili dogo ndilo lililozaa uchunguzi huu. Inakuwaje kipande cha hadithi kibaki hai midomoni mwa watu ilhali hadithi iliyokibeba imetoweka? Na inakuwaje itoweke wakati imeandikwa na kuchapishwa si mara moja, bali mara kadhaa ndani ya karne ya 20? Wataalamu wa fasihi simulizi tumezoea kudhani kwamba kuandika ndiko kuhifadhi. Mfano huu unatulazimisha kuwa waangalifu zaidi.

2.0 Hadithi kwa muhtasari

Kwa kuwa wasomaji wengi wa Kiswahili hawajaifahamu, ni vyema kwanza tuisimulie kwa ufupi, kwa kufuata zaidi mkondo uliomo katika kitabu cha John Nyakatura.

Isaza alitawazwa akiwa kijana. Aliwachukia wazee, akawaondoa barazani na kuzungukwa na vijana wenzake. Siku moja, wakiwa mawindoni, waliua punda milia. Isaza alipendezwa na ngozi yake, akaivaa ikiwa mbichi. Jua lilipowaka ngozi ilikauka, ikambana hata akakaribia kufa. Vijana hawakujua la kufanya. Wazee waliokuwa wamesalia ndio waliotoa shauri: mtieni majini. Ngozi ikalainika, akavuliwa, na tangu siku hiyo wazee wakarudi barazani.

Sifa zake zilimfikia Nyamiyonga, mfalme wa kuzimu, ambaye alimtuma mjumbe na mafumbo. Miongoni mwake kulikuwa na kipimo cha wakati, kamba inayofunga maji, na mlango unaoufungia umaskini nje. Baraza lilishindwa. Aliyeyafumbua alikuwa mjakazi: kipimo cha wakati ni jogoo, na kamba inayofunga maji ni unga wa ulezi. Fumbo la mlango lilihusu omukago, yaani undugu wa kuchanjiana damu, ambao kwa desturi ulifungwa kwa kumeza buni ya kahawa iliyopakwa damu ya mwenzako. Nyamiyonga alikuwa akiomba undugu.

Isaza aliogopa. Kukataa ni kumtukana mfalme wa wafu, na kukubali ni kujifunga naye. Wakashauriana, wakapata hila: Bukuku, mlinzi wa lango, mtu wa kawaida asiye wa ukoo wa kifalme, alimeza buni kwa niaba ya Isaza, na damu yake ndiyo iliyopelekwa kuzimu. Nyamiyonga alipogundua kwamba amefunga undugu na mlinzi wa lango, alikasirika, lakini hakutuma radi wala maradhi. Alimtuma binti yake Nyamata, aliyekuwa mzuri kupindukia. Isaza alimwoa bila kujua atokako. Nyamata aligundua jambo moja: mumewe alimpenda ng'ombe wake, Bihogo, kuliko alivyompenda yeye. Akiwa mjamzito alirudi kwao, akajifungua mtoto wa kiume, Isimbwa, na kumpasha baba yake habari hiyo. Ndipo Nyamiyonga alipotuma ng'ombe wazuri wakachanganyika na kundi la Isaza. Siku ng'ombe hao walipoondoka, Bihogo aliwafuata, naye Isaza akamfuata Bihogo, hadi ardhi ilipofunguka na wote wakashuka kuzimu. Huko alipokewa, akaulizwa kwa nini aliudharau undugu, akaoneshwa mke na mwana. Hakurudi tena.

Kiti kilibaki kwa Bukuku, mlinzi wa lango. Baadaye Isimbwa alipanda kutoka kuzimu, akazaa na Nyinamwiru, binti wa Bukuku, mtoto aliyeitwa Ndahura. Mtoto huyo alitupwa mtoni, akaokolewa na kulelewa na mfinyanzi, na alipokua akamuua Bukuku na kutwaa kiti. Ndahura ndiye mfalme wa kwanza wa Abacwezi.

3.0 Njia ya maandishi

Hadithi hii ilichapishwa mapema. Mwaka 1911 Ruth Fisher, mmisionari wa Kianglikana aliyefanya kazi Toro na Bunyoro, alitoa kitabu Twilight Tales of the Black Baganda. Sehemu kubwa ya mapokeo yaliyomo ilitokana na maandishi aliyopewa na wafalme wawili, Kasagama wa Toro na Andereya Duhaga wa Bunyoro. Kati ya mwaka 1935 na 1937, jarida la Uganda Journal lilichapisha kwa Kiingereza orodha na habari za wafalme wa Bunyoro-Kitara zilizotiwa saini ya herufi mbili tu, K.W., ambazo wataalamu wanazihusisha na Mukama Tito Winyi IV. Mwaka 1947 Nyakatura alichapisha Abakama ba Bunyoro-Kitara kwa Kinyoro, na kitabu hicho kilipigwa chapa nchini Kanada. Tafsiri yake ya Kiingereza, iliyofanywa na Teopista Muganwa na kuhaririwa na Godfrey Uzoigwe, ilitoka mwaka 1973 kwa jina Anatomy of an African Kingdom.

Kwa hiyo, mtu akiuliza kama hadithi imehifadhiwa, jibu ni ndiyo. Akiuliza kama inajulikana na kijana wa leo wa Kampala, Kigali au Bujumbura, au hata na mwanafunzi wa shahada ya Kiswahili aliyezaliwa Hoima, uzoefu wa mwandishi darasani unaonesha kwamba wengi hawajawahi kuisikia. Wanalijua jina la Abacwezi. Hawajui kwamba Abacwezi ni wajukuu wa kuzimu.

4.0 Namna hadithi iliyochapishwa inavyosahaulika

Sababu ya kwanza ni jina la kitabu. Kitabu cha Fisher kinataja Baganda katika jalada lake, ilhali kiini chake ni mapokeo ya Kitara. Chapa ya mwaka 1970 ilijaribu kurekebisha hali hiyo kwa kuongeza maelezo ya Bunyoro-Kitara katika jina, lakini kwa takribani miaka 60 msomaji aliyetafuta habari za Bunyoro hakuwa na sababu ya kukifungua. Jina likikosewa kwenye jalada hukosewa pia katika orodha ya maktaba.

Sababu ya pili ni lugha. Maandishi ya Kinyoro yalimfikia Mnyoro aliyejua kusoma, na ya Kiingereza yalimfikia mtafiti. Kati ya hao wawili wako mamilioni ya wasomaji wa ukanda huu ambao lugha yao ya pamoja ni Kiswahili, na kwao hakukuandaliwa matini ya kudumu. Ikumbukwe pia kwamba Bunyoro iliingia karne ya 20 ikiwa imeshindwa vitani. Kabalega alikamatwa mwaka 1899 na kupelekwa uhamishoni Shelisheli, na kwa miaka kadhaa utawala na kanisa viliendeshwa kwa kutumia Waganda na Luganda. Hadithi ya watu walioshindwa haikuwa na soko.

Sababu ya tatu ni dini na sheria. Abacwezi hawakuwa wahusika wa simulizi tu; walikuwa pia pepo walioabudiwa katika ibada ya kubandwa. John Beattie, mwanaanthropolojia aliyefanya utafiti Bunyoro katika miaka ya 1950, alikuta ibada hiyo ikifanyika kwa siri kwa sababu ilipigwa marufuku na serikali na kulaaniwa na makanisa. Mzazi aliyembatiza mwanawe hakuwa na hamu ya kumsimulia usiku asili ya pepo ambao padri amewakataza.

Sababu ya nne, ambayo haijadiliwi sana, inatuhusu sisi watafiti. K.W. na Nyakatura waliandika kwa kusudi la kisiasa lililo wazi: kuonesha ukale na ukubwa wa ufalme ulionyang'anywa ardhi, hasa zile kaunti zilizopewa Buganda, ambazo mbili kati yake zilirudishwa baada ya kura ya maoni ya mwaka 1964. Wanahistoria, David Henige akiwa miongoni mwao, walijibu kwa kuhoji urefu wa orodha ya wafalme. Mjadala ukawa: je, Isaza aliishi? Abatembuzi ni watu au ni miungu? Haya ni maswali halali. Hata hivyo, yalipotawala, hadithi ikawa hati ya ushahidi mahakamani. Mafumbo, ng'ombe, mke aliyeachwa na buni ya kahawa vikawa mapambo ya kuondolewa ili tarehe zionekane.

5.0 Mzimu unadai nini?

Tukiisoma kama hadithi ya mizimu, swali la kwanza haliwi kama Isaza aliishi, bali mzimu unadai nini. Katika imani ya Kinyoro, kama Beattie anavyoeleza, mtu aliye hai ana omwoyo. Akifa, kinachobaki ni omuzimu. Omuzimu husumbua walio hai hasa pale alipodhulumiwa au kupuuzwa. Haji kutisha tu. Ana kesi.

Nyamiyonga hadai damu wala sadaka. Anadai kwamba aliyeombwa undugu ajibu yeye mwenyewe. Kosa la Isaza si kuogopa. Hofu yake inaeleweka. Kosa lake ni kutoa ndiyo ya uongo, kuruhusu kiapo chake kimezwe na mtu ambaye hakukusudia kumpa haki yoyote. Adhabu inafuata mantiki ya kosa hilohilo. Aliyemweka mlinzi wa lango mahali pake katika kiapo anamwona mlinzi huyo akikaa mahali pake katika kiti.

Muundo huu haumo Bunyoro peke yake. Katika mapokeo ya Wahaya wa Kagera, Wamara anashuka katika nchi iliyo chini ya ardhi, anapewa ng'ombe na mbegu na Kintu, kisha anasahau kurudisha shukrani, na usahaulifu huo unaleta mwisho wa Abacwezi. Rwanda nayo ina mapokeo kwamba wafu waliokuwa wafuasi wa Ryangombe hupumzika Karisimbi, na wasiokuwa wafuasi huenda katika moto wa Nyiragongo, mlima ulio upande wa Kongo. Mahali pa kila simulizi ni tofauti, lakini jamii za ukanda wa Maziwa Makuu zinakubaliana kwamba walio hai na wafu wana mkataba, na kwamba mkataba hauvunjwi bila gharama.

6.0 Kuihamishia hadithi katika Kiswahili

Kwa mfasiri, habari njema ni kwamba Kiswahili hakiendi ugenini. Kinyoro kina omuzimu na okuzimu. Kinyarwanda na Kirundi zina umuzimu na ikuzimu. Kiswahili kina mzimu na kuzimu. Ni mzizi mmoja wa Kibantu, ambao pia umetupa zimwi na wazimu. Lakini maneno ya ukoo mmoja hayana lazima ya kuishi nyumba moja, na hapa pana mitego mitatu.

Mtego wa kwanza ni kuzimu. Tafsiri za Biblia zimelitumia neno hili kwa makao ya wafu, na wahubiri wengi hulitumia kana kwamba ni jehanamu. Msomaji aliyelelewa hivyo akisoma 'mfalme wa kuzimu' atamwona Ibilisi, na Nyamata atakuwa pepo mchafu aliyetumwa kumpotosha mja. Hadithi itakuwa imebadilishwa dini bila neno hata moja kubadilika. Pendekezo letu ni kulibakiza neno kuzimu, kwa kuwa ndilo lake, lakini sentensi za mwanzo zimwoneshe msomaji nchi yenye mifugo, baraza na watoto, kabla hajapata nafasi ya kuwasha moto kichwani mwake.

Mtego wa pili ni kuchagua jina la wakazi wake. Jini huleta Uislamu na hadithi za pwani. Shetani huleta hukumu. Mzuka huleta kioja cha kutokea ghafla. Pepo huleta mgonjwa na mganga. Mizimu ndilo neno la karibu zaidi, ingawa katika pwani mzimu humaanisha pia mahali pa kutambikia. Hapa sarufi inasaidia. Katika Kinyoro, omuzimu uko katika ngeli ya vitu kama mti, ilhali Nyamiyonga na bintiye wanasimuliwa kwa upatanisho wa watu. Kiswahili kinaweza kuufuata mpangilio huu: 'mizimu ilinyamaza', lakini 'Nyamiyonga alinyamaza'. Kundi linabaki fumbo, na mdai anabaki mtu. Mhariri asiyejua sababu hii ataona kosa la upatanisho na kulisahihisha. Ni vyema aelezwe mapema.

Mtego wa tatu ni omukago. Kiswahili kina maelezo, undugu wa kuchanjiana, na jambo lenyewe lilijulikana sana katika misafara ya bara ya karne ya 19. Lakini buni ya kahawa hupotea katika maelezo hayo, na bila buni hila ya Isaza haieleweki, kwa kuwa kinachomezwa ndicho kinachoweza kumezwa na mwingine. Tunapendekeza neno omukago libakizwe na kuelezwa ndani ya simulizi yenyewe, kama msimulizi hodari anavyomweleza mgeni aliyeketi kando ya moto. Isitoshe, neno hili bado lina kazi. Katika Luganda cha leo, omukago hutumika kutaja miungano ya kisiasa na ya nchi, ikiwemo Jumuiya ya Afrika Mashariki. Kijana anayelisikia redioni anastahili kujua kwamba lilianzia kwenye buni na damu.

7.0 Hitimisho na mapendekezo

Ni hapa ambapo hadithi inawageukia wasomaji wa juzuu hii. Mkataba wa Jumuiya wa mwaka 1999, katika kifungu cha 137, uliahidi kukuza Kiswahili kuwa lugha ya mawasiliano mapana. Uganda ilikitambua kuwa lugha rasmi ya pili katika marekebisho ya katiba ya mwaka 2005, na mwaka 2022 Baraza la Mawaziri likaagiza kifundishwe kwa lazima shuleni. Rwanda ilikifanya kuwa lugha rasmi mwaka 2017. Hivi ni viapo. Swali ambalo Nyamiyonga angetuuliza ni nani aliyevimeza. Iwapo sera itatiwa saini katika mikutano mikuu, kisha utekelezaji ukaachiwa mwalimu mmoja asiye na kitabu, basi tumemtuma mlinzi wa lango.

Kiswahili kinachofundishwa Hoima au Gitega kwa hadithi za pwani pekee kitabaki lugha ya mgeni, hata kikitahiniwa kila mwaka. Kikiweza kumsimulia mtoto habari za kwao, na kuzipeleka kwa jirani yake wa Bukoba na Goma, kitakuwa chake. Kwa msingi huu tunapendekeza mambo matatu. Kwanza, taasisi za mitaala ziandae vitabu vya ziada vya lugha mbili, Kiswahili kando ya lugha ya mahali, vinavyoanza na simulizi zilizokwisha kuandikwa kama hii. Kazi hiyo haihitaji kusubiri utafiti mpya, ingawa haki za wachapishaji na warithi wa waandishi ziheshimiwe. Pili, maktaba za vyuo vikuu zipitie upya uorodheshaji wa vitabu vya kikoloni, ziongeze majina ya jamii na wahusika wa simulizi zilizomo, ili mtu anayemtafuta Isaza asizuiwe na neno lililokosewa kwenye jalada. Tatu, Kamisheni ya Kiswahili ya Afrika Mashariki iratibu ukusanyaji wa vipande vilivyo hai, yaani vitendawili, majina ya mahali na methali, kwa kuwa mara nyingi ndivyo vinavyotuonesha hadithi ilipopita.

Pendekezo hili la tatu lina haraka kuliko mengine. Vitabu vitasubiri rafuni; wanaojua vitendawili hawatasubiri. Bibi aliyemfundisha mwandishi kamba inayofunga maji alifariki kabla ya mwandishi kukifungua kitabu cha Nyakatura, na haiwezekani tena kumuuliza kama aliijua hadithi nzima na aliamua kunyamaza, au kama naye alirithi jibu bila swali. Isaza alibahatika. Ngozi ilipombana, wazee wawili watatu walikuwa bado wako hai wa kusema atiwe majini.